Ngeli ya Ndege

Mimi ni kiguu na njia, na sijaona bado sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mume wangu akiwa nyumbani hunitazama nikiingia jikoni, nikitoka, nikifungua friji na kuifunga bila kuchukua kitu, halafu husema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nami humjibu kwamba aliyenifanya hivi ni yeye. Anafanya kazi migodini, upande wa pili kabisa wa nchi hii, kule magharibi ambako udongo ni mwekundu hadi ndani ya soksi. Anapanda ndege kwenda, anakaa kambini wiki kadhaa, anapanda ndege kurudi, na akishaanza kukizoea kitanda chake anapanda tena.

Ndege zinapita juu ya Macquarie Fields, mtaa wetu, mchana kutwa, na watu wengi hapa hawazisikii tena. Mimi nazisikia zote. Siku ya safari yake sina kazi ninayoifanya kwa mikono miwili, maana mmoja umeshika simu. Roho yangu inakuwa juu tangu anapotoka kambini hadi atakapoandika lile neno lake moja, "Nimetua." Akichelewa, nagombana na masufuria. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri sana ila kukijibu hataki, huniambia, "Mum, planes are safer than cars," kisha anarudi kwenye simu yake. Najua kwamba ndege ni salama kuliko magari. Kujua hakujawahi kunisaidia kitu.

Basi huwa natembea. Nikitoka kazini, kwenye makao ya wazee kule Minto ninakoosha, ninakolisha na ninakosimuliwa hadithi ileile kila asubuhi, nabadilisha viatu na kushuka mtoni. Ukipita uwanja wa mpira na kichaka kilicho nyuma yake unatokea kwenye Mto Georges, mahali unapokunja kona na kuacha kipande cha mchanga. Mto wenyewe si mkubwa, na maji yake ni ya rangi ya chai. Lakini pale kuna uwazi wa anga, na mimi shida yangu ni anga.

Siku niliyomwona ndege wa mto ule mara ya kwanza nilikuwa nimekitolea macho kindege cheupe kilichokuwa mbali sana juu, nikijiuliza kama ndimo alimo mume wangu. Mbele yake, chini zaidi, kikapita kitu kingine. Mabawa mapana, yameinuliwa kidogo kuelekea juu, kijivu kwa mgongoni, na tumbo jeupe la kuumiza macho. Kilipita bila kupiga bawa hata moja. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti, "Kwazi!" Nilikuwa peke yangu, na machozi yakanitoka bila kuniaga.

Nimekulia Kigoma, mahali ambapo kwazi, tai mla samaki, ni wa kila siku. Anakaa juu ya mti kando ya ziwa na kifua chake cheupe, anapiga ukelele, na mtu unaendelea kufua nguo zako. Sikuwahi kumtazama kwa heshima yoyote. Sasa niko ng'ambo ya dunia, nimevaa sare ya kazi yenye madoa ya uji, nalia kwa sababu ya ndege ambaye hata si yeye.

Maana si yeye. Nilimleta binti yangu kesho yake, akatazama mara moja tu akatangaza, "Oh my God, Mum, it's a bald eagle." Nikamuuliza kipara kiko wapi. Akacheka, akanionyesha kwenye simu yule tai wa Marekani, wa kwenye sinema na nembo, ambaye wamempa jina la kipara wakati kichwa chake kimejaa manyoya meupe kama cha mzee aliyetunzwa vizuri. Nikamwambia aangalie tena. Wa Marekani ana mwili mweusi na hajawahi kufika huku hata kwa kupotea. Huyu wetu ana tumbo jeupe. Mtoto amezaliwa hapahapa, hospitali ya Liverpool, mji wa jirani, anamjua tai wa bara lingine na hamjui anayepita juu ya shule yake. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Lakini aliendelea kusoma, na hilo nampa. Akaniambia wote watatu ni ndugu: kwazi wa ziwani, yule wa Marekani na huyu wa mto wetu. Ni ukoo mmoja uliotawanyika kando ya maji ya dunia. Akaniambia pia kwamba yule wa Marekani alikaribia kuisha kabisa, kwa sababu ya sumu waliyokuwa wakinyunyiza mashambani. Maganda ya mayai yalikuwa yakivunjika chini ya tumbo la mama. Watu wakaizuia sumu, wakamlinda, na akarudi. Nilipenda sana neno hilo, kwamba alirudi.

Jirani yangu aliwajua tai hao, maana walikuwa wawili, kabla yangu. Ni mama wa makamo, mjane, Mkongomani kutoka upande wa Baraka, yaani ufukwe wa pili wa ziwa lilelile lililonilea. Tungeweza kukutana utotoni kama mmoja wetu angejua kuogelea vya kutosha. Yeye alipita kambi mbili za wakimbizi kabla ya kufika hapa, na nyumba anayoishi ni ya serikali, ukuta kwa ukuta na yetu. Samaki ninayemwita mgebuka yeye anamwita mukeke, na tumeshabishana juu ya hilo hadi chai ikapoa. Mimi namwita Mama. Yeye ananiita Mwalimu, kwa sababu nyumbani nilifundisha Kiswahili shule ya msingi, na kwa sababu nina tabia ya kusahihisha watu.

Alikuwa akivua samaki pale penye mchanga karibu kila siku, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitenge kimefungwa juu ya sketi, fimbo yake mkononi. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alicheka. "Kule kwetu bamama habaendake kuvua," alisema. "Batu bangesema nimepoteza akili. Huku nani atanikataza?" Usingizi ulikuwa umemkataa tangu vita, aliniambia, na dawa za hospitali zilimfanya awe mzito tu. Siku aliyoshika mshipi kwa mara ya kwanza alilala hadi asubuhi. Samaki wenyewe hakuwajali sana.

Tai wale aliwaita Chef, yaani mkubwa, na Madame. "Chef iko na bibi yake," aliniambia siku moja akinionyesha kwa kidole juu ya mti mkubwa wa mkalitusi ng'ambo ya maji. Nilijiuliza ndege amepataje bibi, tena bibi aishiye naye. Kumbe kwa Wakongomani bibi ni mke. Na huo ndio ulikuwa mwendo wetu: tunazungumza lugha moja, na kila baada ya sentensi chache mmoja wetu anaanguka shimoni.

"Ndege iko na mutoto!" alinipokea hivyo mwishoni mwa majira ya baridi. "Minaona kichwa yake!"

"Ndege ana mtoto, Mama. Kichwa chake."

"Njo vile nimesema."

Nilimweleza ngeli kama nilivyowaeleza watoto wa darasa la tatu. Ndege mwenye mbawa ana uhai, kwa hiyo ameruka, ametua, amekula. Ndege ya chuma ni kitu, kwa hiyo imeruka, imetua, imechelewa. Alinisikiliza kwa adabu huku akitazama mshipi wake. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Angalia, ile ndege inaleta samaki." Nikatazama, na kweli yule dume alikuwa akirudi na samaki, amemshika kwa makucha yote mawili, kichwa cha samaki kikitazama mbele.

Tuliwalinda kwa namna yetu. Binti yangu alisoma kwamba ukiwakaribia wakati wa kulea wanaweza kuacha kiota moja kwa moja, kwa hiyo tukajiwekea mpaka: jiwe jeusi. Hakuna kupita jiwe jeusi. Nikamkatalia mwanaume mmoja mwenye kamera ndefu kama bomba la kumwagilia, nikampeleka upande mwingine kabisa wa mto, na sikuona haya. Lakini kitu kimoja kilinikera kuliko wapiga picha, nacho ni nyuzi. Wavuvi wa pale wakinasa ndoano kwenye matawi wanakata tu uzi na kwenda zao, na nailoni haiozi. Inaning'inia. Nilimwambia jirani yangu. Akasema kila mvuvi hukata uzi, hata kule ziwani. Nikamwambia kule ziwani ulikuwa uzi wa pamba. Tukanuniana siku nzima, kisha akaniletea sombe, kisamvu cha kwao.

Kinda alikua. Hakuwa mweupe kama wazazi. Alikuwa wa kahawia mwenye mabaka, na mtu asiyejua angemwita mwewe. Alisimama ukingoni mwa kiota akipigapiga mabawa bila kwenda popote. Nilimwelewa kabisa. Ikafika majira ya joto na siku moja hakuwa kiotani. Alikuwa kwenye tawi la jirani, ameduwaa, na mama yake anamlilia kwa ile sauti yao mbaya, inayofanana na mbuzi mwenye mafua. Jirani yangu alipiga vigelegele hadi mbwa wa mtaa wakajibu.

Sasa niseme siku yenyewe.

Mume wangu alikuwa njiani kurudi. Ilikuwa zamu yangu ya mchana kule Minto na nilikuwa namlisha bibi mmoja ambaye hupenda pudini kabla ya nyama. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilidhani ndiye, ingawa ilikuwa mapema kidogo. Ilikuwa sauti ya jirani yangu, iliyorekodiwa kwa kelele.

"Mwalimu! Ndege imeanguka! Imeanguka mu mto, minaiona! Kuya mbio, Mwalimu, kuya mbio!"

Halafu basi.

Nilisimama na kijiko mkononi. Nikampigia mume wangu; simu imezimwa, kama inavyozimwa kila mara akiwa angani. Nikampigia jirani, inaita, haipokewi. Nikafungua habari, nikaona mpira wa miguu na bei za nyumba. Nikajiambia habari bado haijawafikia. Mwenzangu wa zamu, dada wa Kikenya, aliniona uso akaninyang'anya kijiko. "Wee, enda. Enda tu, mimi nitakucover." Nikachukua funguo za gari.

Nimeendesha gari kwenye barabara ile mara nyingi na siikumbuki siku hiyo. Nakumbuka tu kwamba sikuona moshi. Nakumbuka wanafunzi waliosimama nje ya stesheni wanakula chipsi, wanasukumana, wanacheka, na nikawachukia kwa moyo wangu wote. Hakukuwa na king'ora. Nilifikiri: ndivyo inavyokuwa, dunia huwa haijui kwa dakika za mwanzo. Niliacha gari limekaa upande upande, nikakimbia kupita uwanja wa mpira, nikavua viatu nisijue kwa nini, nikaingia kichakani nikipiga kelele jina la mume wangu.

Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini.

"Iko wapi?" nikamuuliza. "Ndege iko wapi?"

"Ile pale!"

Nikatazama kidole chake. Kwenye tawi lililoinamia maji, karibu na ukingo, yule kinda wa kahawia alikuwa ananing'inia kwa bawa moja. Uzi ulikuwa umemviringa begani na mguuni. Bawa la pili lilikuwa ndani ya maji, linapiga, linatulia, linapiga.

Nilikaa mchangani. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka hasira, nikaanza kumfokea yule mama kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtoto yeyote darasani. Nikamwambia ameanguka! Ndege a-meanguka! Nikamwambia nimekuja nikijua mimi ni mjane, nimeshajiona kwenye nguo nyeusi, kwa ajili ya herufi moja tu aliyoshindwa kuibadilisha, nikimfundisha kila siku!

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu," alisema, "mutoto anakufa, na wewe unalia grameri?"

Angalieni: "anakufa", si "inakufa". Lakini niligundua hilo baadaye.

Nikatoa simu nipige namba ya watu wanaookoa wanyama wa porini, ambayo binti yangu alikuwa ameibandika kwenye friji tangu kinda aanguliwe. Hapo jirani yangu akatoka majini akanishika mkono. Hakuwa ananizuia kwa nguvu.

"Batauliza kamba iko ya nani."

Ndipo nilipoutazama uzi vizuri. Ulikuwa wa kijani. Yeye hutumia wa kijani, anaununua Liverpool. Nusu ya wavuvi wa mto ule wanatumia wa kijani pia, nikamwambia hivyo, lakini alitikisa kichwa. Wiki iliyopita alinasa ndoano palepale na akakata. "Hii ndege ni ya serikali," alisema. "Batanipiga amande. Batanitosha mu nyumba. Mwalimu, mimi nimeshatoshwa mu nyumba." Amande ni faini, na kutoshwa ni kutolewa, sikuhitaji kuuliza. Alisema hayo kwa utulivu, huku nyuma yake lile bawa likipiga maji.

Ningeweza kumbembeleza. Sina kipaji hicho. Nilimwambia arudi nyumbani basi, mimi nitabaki, wakiuliza nitasema sikuona mtu. Nikapiga simu. Mwanamke aliyepokea aliniuliza maswali mafupi mafupi, akasema watu wako njiani. Akasema ndege kama huyo hufa kwa hofu na kwa kujinyonga kabla hata ya maji kumwua. Kama kuna mtu anayeweza kumfunika kichwa kwa kitambaa, gizani atatulia, na kama uzi unaweza kunyanyuliwa kidogo bawa lipumzike, vizuri. Ila tujihadhari na makucha. Nikatafsiri kwa sauti, nusu nikijiambia mwenyewe, maana nilijua siwezi. Nikamtazama yule ndege, makucha yake marefu kama vidole vyangu, nikarudi nyuma hatua moja.

Jirani yangu hakuwa amerudi nyumbani. Alifungua kitenge chake, kile cha bluu chenye duara za njano alichokuwa akivaa Jumapili kabla hakijapauka. Akaingia majini tena, polepole, akizungumza Kibembe chake cha nyumbani ambacho sikielewi. Alikuja kwa nyuma. Akamwangushia ndege kitenge kichwani, na kelele zikakatika papo hapo. Kisha akaushika uzi ule wa kijani kwa mikono yote miwili, juu ya fundo, akauinua, bawa likalegea. Akabaki hivyo.

Walichelewa. Au kwangu walichelewa. Nilikuwa nikikimbia hadi uwanjani kuwatafuta na kurudi, kuwatafuta na kurudi. Katikati ya kukimbia huko simu ikatetemeka. "Nimetua. Mbona umenipigia hivyo?" Nilisoma, nikairudisha mfukoni, nikaendelea kukimbia. Kila niliporudi alikuwa palepale, maji magotini, mikono juu, misuli ya mabega inarukaruka. Aliyeogopa kuulizwa kamba ni ya nani alikuwa ameishikilia mbele ya yeyote atakayekuja. Nilimwambia nimpokee kidogo. "Acha," alisema. "Imenizoea."

Walikuja mwanamke na mwanaume, wenye glavu nene na sanduku. Hawakusema mengi. Mwanaume alishika miguu, mwanamke akakata uzi, na kwa dakika chache yule ndege alikuwa amefungwa kama mtoto mchanga ndani ya kitenge, mdomo tu unaonekana. Mwanamke akamgeukia jirani yangu, akakigusa kitambaa, akamuuliza kwa Kiingereza, "Is this yours?"

Kiingereza cha jirani yangu ni kidogo. Lakini swali hilo alikuwa amelisubiri. Akajinyoosha, maji yanamtiririka kwenye sketi, akamtazama usoni.

"Yes," alisema. "My. Sorry. My."

Nilifungua mdomo kueleza, na mwanamke yule akatabasamu, akasema ni kizuri sana, wangependa kukiazima, watakirudisha kikiwa kimefuliwa. Wakaondoka na sanduku. Nilimfafanulia jirani yangu njiani kwamba alichoulizwa ni kitenge. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nimejibu ya kamba," na akaenda kwake kubadilisha nguo.

Wiki zilizofuata hazikuwa na raha. Hakwenda kuvua tena. Niliisikia televisheni yake ikiwaka usiku kucha ukutani kwetu, na nikajua usingizi umemkimbia upya. Gari lolote jeupe likisimama mtaani, pazia lake lilisogea. Nilimwambia mara ngapi sijui kwamba hakuna atakayekuja. Mimi mwenyewe nikisikia mlango wa gari nilikwenda dirishani. Nilipiga simu kuulizia hali ya ndege hadi wakaanza kuitambua sauti yangu. Ndoano ilikuwa imetolewa mguuni. Bawa halikuvunjika. Anakula. Amekataa kula. Anakula tena.

Kitu alichofanya badala ya kuvua sikukipanga mimi. Nilimkuta asubuhi moja na mkasi wa jikoni na ngazi aliyoiazima kwangu bila kuniambia, anatoa nyuzi kwenye matawi. Kijani, nyeupe, bluu, za miaka na miaka, akizisokota na kuzishindilia kwenye chupa ya maziwa. Nikashika ngazi. Tulikwenda kona hadi kona, tukijaza chupa. Jumapili alizipeleka kanisani kwao, akaziweka mbele ya wanaume wanaovua, akawaambia kila mmoja achukue chupa moja tupu aifunge kwenye fimbo yake. Walimcheka. Kisha wakachukua.

Gari jeupe likaja kweli. Nilikuwa nimetoka kazini na nikaliona likisimama mbele ya nyumba yake, na moyo wangu ukafanya ujinga wake. Alikuwa yule mwanamke wa glavu. Mkononi alikuwa na kitenge, kimepigwa pasi, na nyuma ya gari lilikuwepo sanduku.

Tulishuka mtoni sote: yeye, sisi wawili, binti yangu, na mume wangu aliyekuwa zamu ya nyumbani na hakuwa amevaa hata viatu vya maana. Sanduku likafunguliwa pale penye mchanga. Ndege hakutoka. Alitutazama kila mmoja kwa zamu kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, na mimi, nisiyejua kusubiri, nilianza kusogeza miguu hadi binti yangu akanishika mkono. "Mama, tulia," akaniambia. Kwa Kiswahili. Nikatulia kweli, nisije nikamkumbusha.

Kisha akatoka mbio, vibaya, kama kuku, akapiga mabawa, akashuka hadi tumbo likagusa maji, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu ya mti ng'ambo, tawi linayumba, na mmoja wa wale wakubwa anamjia akipiga kelele zile za mbuzi. Jirani yangu hakupiga vigelegele. Alikuwa amejifunika uso kwa kile kitenge.

Wiki iliyofuata mume wangu alipanda ndege tena, na mimi nikarudi kuwa mimi. Nilikuwa kazini, nimeshika sinia kwa mkono mmoja. Simu ikatetemeka. Sauti ya jirani yangu. Kidole changu kilikaa juu ya kile kitufe muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

"Mwalimu," alisema, polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni. "Ndege a-me-kuya. A-me-kaa ku muti yetu. A-na-kula samaki. A, Mwalimu. Unasikia? A."

Wengine wote bado anawaambia imekuja, imekaa, inakula. Nimemsikia mwenyewe akiwasimulia wa kanisani. Ile "a" anaitumia kwangu tu. Nilitua sinia chini. Nikamwandikia badala ya kusema, na nikamwandikia kwa Kiswahili chake: "Asante Mama. Iko sawa?"

Jibu lilikuja haraka.

"Ana sawa."

Sikumsahihisha. Nilibaki nimesimama pale ukumbini na simu mkononi, maana mume wangu alikuwa bado hajatua.